Msalaba wa Chuma

Nishani nyingi za wafalme hufanywa kwa dhahabu na vito, kwa kuwa mtoaji hupenda ionekane kwamba ametoa kitu. Nishani nitakayoieleza hapa haikufanywa hivyo. Kiini chake kilikuwa kipande cha chuma cha kusubu kilichopakwa weusi, na pembezoni kikazungushiwa ukingo mwembamba wa fedha. Kama ungaliipeleka kwa sonara siku ilipotoka kiwandani, angalikulipa bei ya ule ukingo tu, na chuma angalikurudishia mkononi. Hata hivyo, vizazi vinne vya vijana wa Kijerumani viliikimbilia penye mauti, na walioipata waliivaa kifuani mpaka uzeeni. Thamani ya kitu kama hicho haimo katika madini yake. Imo katika ahadi ya yule aliyekitoa. Basi na tutazame ahadi hiyo ilikuwa ya nini, na ni nani aliyeivunja.

Mwanzo wake ulikuwa aibu. Zamani zile Ujerumani haikuwa nchi moja, bali falme na miliki nyingi, kubwa na ndogo. Mojawapo ya zile kubwa ilikuwa Prusia, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Berlin, na jeshi lake lilisifiwa Ulaya nzima. Tarehe 14 Oktoba 1806 jeshi hilo lilikutana na Wafaransa wa Napoleon Bonaparte karibu na miji ya Jena na Auerstedt, likavunjwa kwa siku moja. Siku kumi na tatu baadaye Napoleon aliingia Berlin. Juu ya lango kubwa la mji, liitwalo Lango la Brandenburg, palikuwa na sanamu ya gari la vita lenye kukokotwa na farasi wanne. Napoleon aliamuru ishushwe, ikatiwa katika makasha na kupelekwa Paris. Mwaka uliofuata, katika mapatano ya Tilsit, Prusia ilinyang'anywa karibu nusu ya ardhi yake na kutozwa fidia nzito. Malkia Luise, mke wa Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu, alijishusha mwenyewe mbele ya Napoleon kumwombea mumewe nafuu, asipate kitu. Mwaka 1808 Prusia ilikatazwa kuwa na askari zaidi ya 42,000. Malkia akafa mwaka 1810, umri wake miaka thelathini na minne, na watu wengi walisema kwamba aliuawa na huzuni ya nchi yake.

Napoleon alipoondoka kwenda kuipiga Urusi mwaka 1812, aliilazimisha Prusia impe askari wapatao 20,000. Basi taifa lililoshindwa likawa linampigania mshindi wake. Lakini baridi na njaa ya Urusi vililila jeshi la Wafaransa, na tarehe 30 Desemba 1812 Jemadari Yorck wa Prusia, pasipo idhini ya mfalme wake, alifanya mapatano na Warusi kwamba askari wake hawatapigana tena. Kwa sheria za kijeshi huo ulikuwa uasi. Mfalme alikuwa mtu wa kusitasita, naye alihofu Wafaransa waliokuwa wangali Berlin, akahamia Breslau, mji ambao leo ni wa Polandi na huitwa Wrocław. Huko ndiko alikoamua hatimaye kupigana.

Nishani ilianzishwa huko Breslau, na tarehe iliyoandikwa katika hati yake ni 10 Machi 1813. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo: ndiyo siku aliyozaliwa marehemu Malkia Luise. Mfalme mwenyewe alichora mfano wa kwanza kwa mkono wake, kisha akampa Karl Friedrich Schinkel, mjenzi na mchoraji mashuhuri wa Berlin, autengeneze. Umbo walilolichagua ni msalaba mweusi wenye ncha pana, mfano wa ule uliovaliwa juu ya majoho meupe na mashujaa wa Kikristo wa Kijerumani katika karne za kati. Upande wa mbele uliachwa mtupu, bila neno wala pambo. Nyuma paliwekwa taji, majani ya mwaloni, herufi za jina la mfalme na mwaka 1813.

Na kwa nini chuma? Jibu la kwanza ni rahisi: hazina ilikuwa tupu. Jibu la pili ndilo lenye maana. Mwezi uleule wanawake wa Prusia waliombwa watoe mapambo yao ya dhahabu ili kununulia silaha. Aliyetoa pete ya dhahabu alipewa pete ya chuma, na juu yake pameandikwa kwamba mwenye pete alibadilisha dhahabu yake kwa chuma. Kwa muda mfupi mambo yakapinduka kabisa: mwanamke aliyeonekana na dhahabu karamuni aliona haya, na mwenye chuma alijivuna. Mfalme aliutumia moyo huo kwa werevu. Alikuwa hana mali ya kuwagawia watu, kwa hiyo aliufanya umaskini wenyewe uwe heshima.

Jambo jingine lilikuwa geni zaidi kuliko chuma. Nishani kuu ya ushujaa ya Prusia mpaka siku hizo ilikuwa ile iliyoanzishwa na Mfalme Friedrich wa Pili mwaka 1740 na kupewa jina la Kifaransa, Pour le Mérite, maana yake “kwa ajili ya ustahili”. Hiyo ilikuwa ya maofisa. Askari wa kawaida, ambaye aghalabu alikuwa mtoto wa mkulima au wa fundi, alikuwa na medali zake za chini. Msalaba wa Chuma haukuuliza cheo wala nasaba. Ulikuwa na madaraja mawili, na juu yake Msalaba Mkuu kwa majemadari walioshinda vita vikubwa. Lakini hata jemadari hakuweza kupata daraja la kwanza kabla ya kupata la pili, sawasawa na askari wake mpiga ngoma. Tena mfalme alisema kwamba nishani hii ni ya vita hivi tu; vikiisha, nayo imekwisha.

Nisieleweke vibaya. Friedrich Wilhelm hakuwa rafiki wa usawa. Mwaka 1815 aliwaahidi watu wake katiba, akafa mwaka 1840 bila ya kuwapa. Alitoa msalaba ule kwa sababu alihitaji watu wengi wafe kwa hiari, na mtu hafi kwa hiari kwa ajili ya nchi isiyomhesabu. Lakini ahadi ikishatolewa mbele ya watu huwa na maisha yake yenyewe, na watu waliiamini.

Wa kwanza kupewa alikuwa Meja von Borcke, kwa ajili ya vita vya Lüneburg, tarehe 2 Aprili 1813. Wa kukumbukwa zaidi kwa maoni yangu ni Friederike Krüger, msichana aliyekuwa akijifunza kazi ya ushoni. Alikata nywele, akavaa nguo za kiume, akajiandikisha katika jeshi kwa jina la August Lübeck. Siri yake ilipofichuka hakufukuzwa, kwa kuwa alikuwa askari mwema. Tarehe 6 Septemba 1813, katika vita vya Dennewitz, alijeruhiwa. Alipandishwa cheo kuwa sajini, akavishwa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili. Mwezi uliofuata, tarehe 16 hadi 19 Oktoba, Napoleon alishindwa vibaya huko Leipzig, na mwaka 1814 majeshi ya Prusia na wenzao yaliingia Paris.

Ile sanamu ya farasi wanne ilirudishwa Berlin mwaka huohuo. Schinkel aliongeza kitu kimoja: katika fimbo ya yule mungu mke wa ushindi aendeshaye gari, alitia Msalaba wa Chuma ndani ya shada la majani ya mwaloni, na juu yake tai. Mwaka 1821 akamaliza mnara wa kumbukumbu ya vita juu ya kilima kimoja cha Berlin, na kileleni mwake akaweka msalaba uleule. Kilima kikaitwa Kreuzberg, yaani Kilima cha Msalaba, na mtaa uliokizunguka unaitwa hivyo hata leo. Katika vita vile waliopata daraja la kwanza hawakufika 700, na Msalaba Mkuu ulipewa watu watano tu, mmoja wao akiwa ni yule Yorck aliyeasi.

Ilipita miaka hamsini na saba. Tarehe 19 Julai 1870 Ufaransa ilitangaza vita juu ya Prusia. Mfalme wa wakati huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mtoto wa Malkia Luise, na siku ile ilikuwa imetimia miaka sitini kamili tangu mama yake kufa. Akaihuisha nishani siku hiyohiyo. Wajerumani walishinda, na tarehe 18 Januari 1871 Wilhelm akatangazwa Kaisari wa Ujerumani iliyoungana, katika jumba la wafalme wa Ufaransa huko Versailles. Safari hii waliopewa daraja la pili walizidi 40,000. Nishani ya Prusia maskini ilikuwa sasa ni nishani ya dola iliyoshiba.

Mara ya tatu ni tarehe 5 Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza. Kaisari Wilhelm wa Pili aliwaachia makamanda wake wengi madaraka ya kuitoa, na hapo mlango ukafunguka. Vilipokwisha vita, misalaba ya daraja la pili iliyokwisha kutolewa ilikadiriwa kufika milioni tano, na ile ya daraja la kwanza zaidi ya 200,000. Makarani waliokaa mbali na mizinga waliivaa, na vijana waliokaa miezi katika matope ya Verdun waliivaa pia. Wengine husema kwamba wingi huo uliishusha hadhi. Ni kweli, lakini tusiwe wepesi wa kuicheka. Ujerumani ilipoteza askari karibu milioni mbili katika vita vile, na katika nyumba nyingi kipande kile cheusi ndicho kilichorudi peke yake.

Vita hiyo ilipiganwa kwetu pia, kama tujuavyo sote: Tanga, Taveta, kilima cha Salaita. Kamanda wa Wajerumani huku, Paul von Lettow-Vorbeck, alitunukiwa ile nishani ya maofisa, Pour le Mérite, mwaka 1916. Askari wake walio wengi walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikwenda wapagazi kwa maelfu, kama ilivyokuwa kwa Waingereza, ambao jeshi lao la wapagazi limetuachia jina la Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Anayepita Kenyatta Avenue huona sanamu za shaba za watu hao, zilizosimamishwa mwaka 1928. Hapana jina la mtu hata mmoja juu yake.

Turudi Ujerumani, maana sehemu iliyo ngumu kuielezea bado.

Miongoni mwa wale waliokwenda vitani mwaka 1914 walikuwamo Wayahudi wapatao 100,000, raia wa Ujerumani. Baba zao walikuwa wamepata haki sawa za uraia mwaka 1871 tu, na vijana wengi walijitolea wakiamini kwamba damu yao itamaliza maneno. Hayakwisha. Mwaka 1916 wizara ya vita iliamuru Wayahudi wahesabiwe jeshini ili ijulikane kama wanakwepa kwenda mstari wa mbele, na matokeo ya hesabu hayakutangazwa wakati wa vita. Takriban 12,000 walikufa. Maelfu mengi walirudi na Msalaba wa Chuma.

Mmoja wa maofisa hao alikuwa Luteni Hugo Gutmann, wa kikosi kimoja cha Bavaria. Katika kikosi hicho palikuwa na koplo, mzaliwa wa Austria, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka barua baina ya makamanda. Koplo yule alikwisha kupewa daraja la pili mwaka 1914, na Gutmann akampendekeza apewe daraja la kwanza, kitu ambacho askari wa cheo kile alikipata kwa nadra. Akalipata tarehe 4 Agosti 1918. Jina lake ni Adolf Hitler. Msalaba huo aliuvaa kifuani siku zote za utawala wake, na jina la Myahudi aliyemwombea hakulitaja hadharani kwa shukrani. Gutmann alikamatwa na polisi wa siri, kisha akafaulu kutoka, akahamia Marekani, akafa huko mwaka 1962.

Hitler alishika serikali tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 1 Aprili wafuasi wake walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi kuwazuia wanunuzi. Katika mji wa Köln, Richard Stern, mwenye duka la matandiko, alitoka akasimama mlangoni pake kando ya mlinzi wa Kinazi, Msalaba wa Chuma kifuani, na picha yake ipo hata leo. Siku tatu baadaye Rais Hindenburg, jemadari mzee wa vita kuu, alimwandikia Hitler kwamba si haki kuwafukuza kazini watu waliopigania nchi. Kwa hiyo sheria ya tarehe 7 Aprili, iliyowatoa Wayahudi katika kazi za serikali, iliwabakiza wale waliopigana mstari wa mbele. Wengi wao walipumua. Walisema baina yao kwamba maneno haya yatapita. Serikali haiwezi kumtupa mtu iliyemvisha nishani yenyewe.

Hindenburg alikufa Agosti 1934. Kabla ya kufa alikuwa ameanzisha nishani ya kumbukumbu kwa wote waliopigana, na ikatukia jambo la ajabu: mwaka uliofuata mashujaa wa Kiyahudi waliletewa nyumbani nishani hiyo pamoja na hati iliyoandikwa kwa jina la Hitler. Mwaka huohuo, tarehe 15 Septemba 1935, sheria za Nürnberg ziliwavua Wayahudi wote haki za uraia, na wale waliobakizwa makazini wakatolewa.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku majeshi yake yalipoivamia Polandi, Hitler aliihuisha nishani kwa mara ya nne. Katikati yake, pale Schinkel alipopaacha patupu, aliweka swastika. Baina ya daraja la kwanza na Msalaba Mkuu aliongeza daraja jipya lenye kuvaliwa shingoni, likatolewa mara zipatazo 7,000. Walioipata nishani hii katika vita vya pili ni mamilioni, na hapana shaka wengi miongoni mwao walikuwa mashujaa, kwa maana moyo wa kumtoa mwenzako katika moto hauulizi serikali yako ni ya namna gani. Ndiyo sababu jambo hili halina jibu jepesi.

Lakini tazama tarehe ifuatayo. Tarehe 1 Septemba 1941, miaka miwili kamili baada ya siku ile, ilitoka amri ya polisi kwamba kila Myahudi aliyetimiza miaka sita ashone nyota ya manjano juu ya nguo yake, upande wa kushoto wa kifua. Amri hiyohiyo iliwakataza Wayahudi kuvaa nishani na medali zao. Daraja la kwanza la Msalaba wa Chuma huvaliwa bila utepe, upande wa kushoto wa kifua. Mahali palepale.

Tarehe 20 Januari 1942 wakubwa wa serikali walikutana katika nyumba moja ya Wannsee, karibu na Berlin, kupanga jinsi ya kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Kumbukumbu ya mkutano huo imebaki. Ndani yake imeandikwa kwamba wazee, na wale waliolemazwa vibaya vitani, na wenye Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza, watapelekwa Theresienstadt, mji wa ngome katika nchi ya Bohemia, ili kuepusha maombi mengi ya kuwatetea. Huko ndiko ilikofikia ahadi ya mwaka 1813. Msalaba haukumwokoa mwenyewe. Ulimbadilishia treni tu. Watu zaidi ya 30,000 walikufa Theresienstadt kwa njaa na maradhi, na zaidi ya 80,000 walitolewa huko wakapelekwa mashariki, wengi wao Auschwitz, na wachache mno walirudi. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliokuwa wangali wamezificha nishani zao ndani ya mizigo.

Richard Stern hakuwa pamoja nao. Alikuwa amefaulu kuhamia Marekani mwaka 1939. Mwaka 1942, umri wake ukiwa umekwisha kupita miaka arobaini, alijiunga na jeshi la Marekani, na mwaka 1944 jeshi hilo lilimtunuku Nyota ya Fedha kwa ushujaa wake huko Italia. Alipigana vita viwili akasifiwa na majeshi mawili yaliyokuwa adui.

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945 iligawanywa. Ile ya Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1957 iliyowaruhusu wakongwe wa vita kuvaa misalaba yao kwa sharti kwamba swastika iondolewe. Mafundi wakatengeneza misalaba yenye majani matatu ya mwaloni mahali pake. Mchoro wa msalaba wenyewe ulichaguliwa mwaka 1956 kuwa alama ya jeshi jipya, na hata sasa umo ubavuni mwa ndege na magari yake. Ile ya Mashariki ilifanya kinyume. Mwaka 1958 iliuondoa msalaba na tai katika fimbo ya ile sanamu ya Lango la Brandenburg, ikamwacha mungu mke wa ushindi na shada tupu. Nchi zilipoungana tena, msalaba ulirudishwa mwaka 1991.

Askari wa Ujerumani walipoanza tena kufa ugenini, huko Afghanistan, watu kadhaa waliomba bunge liurudishe Msalaba wa Chuma kuwa nishani. Serikali ilikataa. Mwaka 2008 ilianzisha msalaba mwingine, wenye jina jingine, kwa ajili ya ushujaa. Tarehe 6 Julai 2009 Chansela Angela Merkel aliwavisha askari wanne wa kwanza. Mwezi Oktoba uliotangulia, karibu na Kunduz, mtu alijilipua kando ya gari lao. Wenzao wawili walikufa, na watoto watano wa Kiafghani waliokuwa karibu. Wanne hawa waliliendea gari lililokuwa likiwaka moto, na risasi ndani yake zinalipuka, ili wawatoe waliojeruhiwa. Msalaba waliopewa ni wa rangi ya dhahabu.